Kabla ya Pampu, Mafunzo: Kwa Nini Tunawaandaa Wauguzi Wetu Kutumia Pampu ya Sirinji



Katika kikao kimoja cha kamati ya diakonia, mzee wa kanisa alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu kwa sentensi moja. Alitaka kujua kwa nini ofisi ya miradi inaomba fedha za kuwapeleka mafunzoni wauguzi na matabibu ambao tayari wana vyeti, wakati marafiki zetu wa usharika mmoja wa Ulaya wameandika kwamba wako tayari kututumia pampu mbili za sirinji bila malipo. Wajumbe kadhaa walimuunga mkono. Swali lile lilikuwa la haki, na tuliahidi kulijibu katika jarida hili ili sharika zote na wafadhili wote wapate maelezo yale yale.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: pampu ya sirinji ni chombo kizuri, tena kuna wagonjwa ambao bila hicho watateseka. Lakini chombo hicho kikiwekwa mikononi mwa mtu asiyefundishwa kinaweza kumpa mgonjwa dawa ya siku nzima ndani ya saa moja. Kwa upande mwingine, muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kupunguza maumivu mengi hata kabla pampu haijafika. Ndiyo maana tunatanguliza mafunzo. Maelezo kamili yanafuata.

Tiba shufaa ni nini?

Tiba shufaa ni huduma anayopewa mtu mwenye ugonjwa mzito unaotishia uhai wake, pamoja na familia yake. Lengo lake ni kupunguza maumivu na mateso mengine, yawe ya mwili, ya moyo, ya kijamii au ya kiroho. Huduma hii haingoji siku za mwisho. Hutolewa sambamba na matibabu mengine tangu ugonjwa unapogundulika, na huendelea hata baada ya msiba, kwa kuwafariji waliobaki.

Mwanzilishi wa huduma hii katika zama zetu ni Cicely Saunders wa Uingereza. Alianza kama muuguzi, akawa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na mwishowe akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice jijini London. Alisisitiza kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii humgusa kila upande: mwili wake, imani yake, jamaa zake na hata mfuko wake. Alisisitiza pia kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa zilizopangwa, kabla maumivu hayajarudi, mgonjwa asiachwe mpaka alie ndipo apewe.

Afrika Mashariki ilipokea mwito huo. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Hapa Tanzania, Hospitali ya Kilutheri ya Selian mkoani Arusha ilianza huduma ya hospisi mwaka 1999, na baadaye, kwa msaada mkubwa wa serikali ya Marekani, huduma hiyo ilienea katika hospitali nyingine kadhaa za KKKT. Mwaka 2004 Chama cha Tiba Shufaa Afrika kilizinduliwa rasmi jijini Arusha. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziingize tiba shufaa katika mifumo yao ya afya. Kwa hiyo jambo tunalolieleza si geni kwa kanisa letu wala kwa nchi yetu.

Dawa kuu ya maumivu makali katika huduma hii ni mofini. Nchini kwetu mofini ya maji ya kunywa imekuwa ikitengenezwa kutokana na unga wake, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo iliyotangulia katika kazi hiyo. Ni dawa ya bei nafuu, humezwa kila baada ya saa 4, na ikitolewa kwa utaratibu mgonjwa huweza kukaa, kula, kuongea na watoto wake na kulala usiku. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa ngazi ya dawa za maumivu, lilitanguliza njia ya mdomo. Kanuni hiyo inasimama hadi leo: kama mgonjwa anaweza kumeza, apewe kwa mdomo.

Mgonjwa asipoweza kumeza

Shida huanza pale njia ya mdomo inapofungwa. Tunamkumbuka mama mmoja aliyeishi mtaa wa juu kabisa, mahali ambapo pikipiki inaishia na mtu anaendelea kwa miguu. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa unaoongoza kati ya saratani za wanawake hapa nchini, na kama wengi wenzake alikuwa amechelewa kufika hospitali. Alikwenda Dar es Salaam akapata mionzi, akarudi na chupa ya mofini ya maji. Kwa zaidi ya miezi miwili dawa ile ilimsaidia sana. Alikuwa akikaa barazani, akichambua maharage na kuwatuma wajukuu.

Siku tano za mwisho alianza kutapika kila kitu, kisha akawa dhaifu kiasi cha kutoweza kumeza hata maji. Muuguzi wetu alimpandia mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, akamchoma sindano. Lakini mofini ya sindano, kama ile ya kunywa, nguvu yake huisha baada ya saa 4 hivi. Siku ina saa 24, kwa hiyo mgonjwa alihitaji sindano 6, naye alipata 2. Ilikuwa masika, njia ilikuwa ya utelezi, na usiku hakuna aliyeweza kupanda. Saa zilizobaki alikaa na maumivu. Binti yake alituuliza kama hakuna njia nyingine. Njia zilikuwepo, lakini sisi hatukuwa tumejiandaa kuzitumia. Hilo tunalikiri mbele yenu, kwa sababu ndilo lililotusukuma kuandika ombi la mradi huu.

Pampu ya sirinji hufanyaje kazi?

Pampu ya sirinji ni kifaa kidogo kinachotumia betri, ambacho mgonjwa anaweza kukiweka ndani ya mfuko wa kitambaa pembeni yake au kukivaa begani. Ndani yake hushikizwa sirinji, yaani bomba la sindano la kawaida, lililojazwa dawa za saa 24. Kifaa husukuma bomba hilo polepole sana, usiku na mchana. Dawa hupita katika mrija mwembamba hadi kwenye sindano ndogo, ambayo wengi huiita ya kipepeo kwa sababu ya mabawa yake mawili, iliyochomekwa chini ya ngozi ya kifua, tumbo, paja au mkono wa juu na kufunikwa kwa plasta.

Mtu aliyezoea dripu atauliza tofauti ni nini. Dripu huingia katika mshipa wa damu, huhitaji chupa ya kuning'iniza na mtu wa kuiangalia mara kwa mara, na mishipa ya mgonjwa aliyedhoofu ni vigumu kuipata. Sindano ya chini ya ngozi ni rahisi kuweka, haina hatari kubwa ya damu kutoka, na mgonjwa anaweza kubaki nyumbani kwake. Muuguzi hupanda mara moja kwa siku kubadilisha sirinji badala ya mara 6. Kwa nyumba zilizo juu mlimani hesabu hiyo ni kubwa.

Kifaa hiki kilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Dk. Martin Wright wa Uingereza, ambaye pia alibuni kipimo cha nguvu ya pumzi kinachotumiwa na wagonjwa wa pumu. Kwanza kilikusudiwa watoto wenye ugonjwa wa damu wa thalasemia, waliohitaji dawa kuingia polepole kwa saa nyingi. Muda si mrefu wahudumu wa hospisi waliona faida yake kwa wagonjwa wa saratani.

Inafaa kueleza pia pampu isivyo. Haiongezi nguvu ya mofini. Mgonjwa ambaye anameza vizuri lakini bado ana maumivu anahitaji kiwango chake kipimwe upya, na kumwekea pampu hakutamsaidia zaidi. Wala pampu si ishara kwamba mgonjwa amekatiwa tamaa. Wapo wanaowekewa kwa siku chache kwa sababu ya kutapika, kisha kutapika kukikoma wanarudi kwenye dawa ya kunywa.

Kosa la mara ishirini na nne

Sasa tufike kwenye pampu mbili tulizoahidiwa. Tulipoomba picha na maelezo tuliona kwamba ni za aina ya zamani, Graseby MS16A na MS26. Kwa miaka mingi pampu hizi zilitumika katika hospisi za Uingereza na kwingineko, na ziliwasaidia watu wengi. Zilikuwa imara na rahisi. Lakini zilikuwa na kasoro moja iliyogharimu maisha ya watu.

Aina hizi mbili zinafanana kama mapacha. Moja ina uso wa buluu na nyingine wa kijani. Zote mbili hazipimi ujazo wa dawa. Hupima urefu ambao bomba linasukumwa, kwa milimita. Ya buluu, MS16A, huhesabu milimita kwa saa 1. Ya kijani, MS26, huhesabu milimita kwa saa 24.

Tuseme muuguzi amejaza sirinji, akapima kwa rula, akakuta dawa imechukua urefu wa milimita 48. Akitumia pampu ya kijani, ataweka namba 48, na dawa itaisha baada ya saa 24. Akitumia ya buluu, anatakiwa aweke 2, kwa sababu milimita 2 kwa saa mara saa 24 ni 48. Lakini akiishika ya buluu akidhani ni ya kijani, akaweka 48, dawa yote ya siku nzima itamwingia mgonjwa ndani ya saa 1. Ni kasi mara 24 ya ile iliyokusudiwa. Kosa la kinyume chake humwacha mgonjwa karibu bila dawa, naye muuguzi ataona taa ya pampu inawaka na kuamini kwamba kila kitu kiko sawa.

Makosa ya namna hiyo yalitokea katika nchi zenye wauguzi wengi na wenye uzoefu mkubwa. Desemba 2010 chombo cha usalama wa wagonjwa cha Uingereza kiliagiza kwamba pampu za zamani zisizo na kinga za usalama ziondolewe katika huduma hadi mwisho wa mwaka 2015. Pampu za kisasa hupima kwa mililita, huitambua sirinji iliyowekwa, hufungwa ili mtu asiguse namba ovyo, na hupiga kengele mrija ukiziba au betri ikikaribia kuisha.

Tuliwaandikia marafiki zetu, tukawashukuru kwa moyo wao na kuwaomba wasitume. Walielewa vizuri. Tunawaomba wafadhili wote wazingatie jambo hili: chombo kilichoondolewa katika wodi za kwenu kwa sababu ya hatari hakipungui hatari kwa kuvuka bahari. Hapa kwetu, ambako muuguzi hufanya kazi peke yake na fundi wa vifaa yuko mbali, hatari huongezeka.

Somo la Gosport

Wapo watakaosema kwamba basi tununue pampu za kisasa na mambo yataisha. Tungependa iwe hivyo. Lakini kuna habari nyingine inayotufundisha kwamba kinga kubwa iko kwa watu.

Tarehe 20 Juni 2018 jopo huru lililoongozwa na aliyekuwa Askofu wa Liverpool, James Jones, lilitoa ripoti kuhusu Gosport War Memorial Hospital, kusini mwa Uingereza. Jopo lilieleza kwamba kati ya mwaka 1989 na 2000 maisha ya wagonjwa 456 yalifupishwa kwa kupewa dawa kali za jamii ya mofini bila sababu ya kitabibu, na kwamba huenda wengine wapatao 200 walipatwa na hayo hayo. Dawa hizo mara nyingi zilipitishwa kwa pampu za sirinji. Wapo waliokuwa wamelazwa ili wapate nguvu na kurudi nyumbani. Tangu mwaka 1991 baadhi ya wauguzi walieleza wasiwasi wao, lakini hawakusikilizwa.

Hatuandiki haya ili kuwatia watu hofu ya mofini. Hofu hiyo tunayo tayari ya kutosha, na inawafanya wagonjwa wengi wa Afrika wafe na maumivu ambayo yangeweza kutulizwa. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2017, ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Kwa hiyo upande mmoja dawa ilitumika vibaya, na upande mwingine haifiki kabisa. Dawa ya matatizo yote mawili ni ile ile: wahudumu wanaojua wanachokifanya, wanaoandika kila wanachokitoa, wanaokaguana, na walio na ujasiri wa kuuliza daktari wakati namba haiwapi amani.

Mafunzo ya juu yanahusu nini?

Mafunzo tunayoyaandaa ni kwa wauguzi, matabibu, madaktari na wafamasia ambao tayari wamepata mafunzo ya msingi ya tiba shufaa. Hayamfundishi mtu kuanza upya. Yanahusu mambo yafuatayo:

1. Kuchagua mgonjwa. Nani anahitaji pampu na nani hahitaji. Kutoweza kumeza, kutapika kusikokoma, utumbo kuziba na kupoteza fahamu ni sababu za kweli. Kutaka chombo cha kisasa si sababu.

2. Hesabu za dawa. Mofini ya chini ya ngozi ina nguvu zaidi ya ile ya kunywa, kwa hiyo kiwango cha siku mara nyingi hugawanywa kwa 2. Mgonjwa aliyekuwa akinywa miligramu 10 kila baada ya saa 4, yaani 60 kwa siku, atahitaji takriban 30 kwa pampu. Anayesahau kugawanya amempa mgonjwa mara mbili. Pia mgonjwa lazima aandikiwe dozi ya akiba kwa ajili ya maumivu yanayochomoza ghafla, ambayo kwa kawaida ni sehemu moja ya sita ya kiwango cha siku. Tunataja mfano huu ili msomaji aelewe, asiutumie kutibia.

3. Kuchanganya dawa. Sirinji moja inaweza kubeba dawa ya maumivu pamoja na ya kichefuchefu au ya kutuliza mahangaiko. Zipo zinazokubaliana na zipo zinazogombana. Diazepamu, kwa mfano, huunguza ngozi na haiwekwi. Mchanganyiko ukibadilika rangi au ukionyesha chembe, humwagwa mbele ya shahidi na kuandikwa.

4. Kuanza na kukagua. Pampu huchukua saa kadhaa kabla dawa haijafikia kiwango cha kutosha mwilini, hivyo mgonjwa mwenye maumivu hupewa dozi ya kuanzia. Kisha hukaguliwa sindano, ngozi, mrija, betri, kiasi kilichobaki na, kabla ya yote hayo, mgonjwa mwenyewe. Ngozi ikiwa nyekundu, ikivimba au kuwa ngumu, sindano huhamishwa.

5. Dalili za hatari. Mgonjwa asiyeamshika, anayepumua chini ya mara 8 kwa dakika na mboni za macho zimekuwa kama ncha ya pini, amepata dawa nyingi mno. Mhudumu ajue cha kufanya dakika ile ile, bila kungoja kupiga simu tatu.

6. Kumbukumbu na sheria. Mofini ni dawa inayodhibitiwa na sheria za nchi. Kila ampuli huandikwa: imetoka wapi, imetumika kwa nani, na mabaki yameteketezwaje.

7. Kuwafundisha wengine. Kila anayehitimu atarudi kituoni na kuwaonyesha wenzake, kisha atakaguliwa na mkufunzi baada ya miezi michache.

Sehemu kubwa ya mafunzo ni vitendo. Washiriki hujaza sirinji maji yenye rangi, wanafunga mrija, wanaweka namba, halafu wanaacha pampu ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi wanapima kama maji yamepungua kwa kiasi walichokusudia. Anayekosea hapo anamwagisha maji ya rangi, na hakuna aliyeumia. Mwisho wa mafunzo kila mmoja hupimwa peke yake, na asiyefaulu hesabu za dawa hapewi cheti mpaka arudie. Tunaomba sharika zisituombee msamaha kwa niaba yake.

Kazi inayofanyika hata bila pampu

Wakati wa kuandaa mpango huu tulijifunza jambo lililotuchoma moyo kuhusu yule mama wa mlimani. Hata bila pampu, asingelazimika kukosa dozi nne kila siku. Sindano ile ndogo ya kipepeo inaweza kuachwa chini ya ngozi kwa siku kadhaa. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kupima dozi, kuziandika saa zake, na kumwelekeza ndugu mmoja makini namna ya kuzipitisha polepole katika mrija kila baada ya saa 4, bila kumchoma mgonjwa tena. Njia hii hutumika mahali pengi pasipo na pampu. Binti yake alikuwa mwangalifu na alijua kusoma. Angeweza kuifanya kazi ile. Kilichokosekana ni mtu wa kumfundisha, na mtu huyo tulitakiwa kuwa sisi.

Ndiyo sababu tunasema mafunzo yatangulie. Muuguzi akijua njia ya chini ya ngozi, wagonjwa wetu wataanza kupata nafuu mara tu atakaporudi kituoni. Pampu zitakapokuja, zitaikuta njia imekwisha kufunguliwa.

Familia na majirani

Mgonjwa wa nyumbani hukaa na muuguzi kwa dakika chache, na saa zote zilizobaki hukaa na ndugu zake. Kwa hiyo mafunzo yana somo la kuzungumza na familia. Kwa ndugu zetu Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, mara nyingi mjomba ana neno kubwa katika mambo ya mgonjwa. Muuguzi akimweleza mume na watoto peke yao, mjomba akifika jioni na kukuta kamba inatoka kifuani mwa dada yake, anaweza kuagiza ing'olewe. Hana kosa, kwa kuwa hakuna aliyemweleza. Mhudumu ajue kuuliza mapema: ni nani katika familia hii anayetakiwa kusikia maelezo?

Familia huelezwa kwa maneno mepesi: kifaa hiki kinafanya nini, taa ikizima ufanye nini, kengele ikilia umpigie nani, usiguse wapi. Huelezwa pia kwamba mgonjwa aliye karibu na mwisho hufariki kwa ugonjwa wake. Bila maelezo hayo ndugu watabaki wakiamini kwamba pampu ndiyo iliyomwua, na nyumba inayofuata itaikataa. Hapo wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa wana nafasi yao, kwa sababu watu huwauliza wao maswali ambayo hawathubutu kumwuliza daktari.

Tulichoamua na tunachoomba

Baada ya kuyapima haya yote tumepanga hatua tatu kwa mfuatano. Kwanza ni mafunzo ya wahudumu kutoka vituo vinavyowahudumia watu wetu, walau wawili kutoka kila kituo, ili mmoja asiachwe peke yake na hesabu yake ipate jicho la pili. Pili ni kuhakikisha kwamba mofini ya sindano, sindano za kipepeo na fomu za kumbukumbu zinapatikana bila kukatika, kwa maana pampu bila dawa ni pambo la kabatini. Tatu ni kununua pampu chache za kisasa, zote za aina moja, pamoja na betri, mirija na sirinji zinazolingana nazo.

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo yafuatayo. Mtueleze mapema kuhusu mgonjwa aliyeanza kushindwa kumeza, msingoje siku ya mwisho. Katika kila mtaa mtafutie muuguzi mtu wa kumsindikiza nyakati za masika na usiku. Na mtenge sehemu ya sadaka ya diakonia kwa nauli za wahudumu, hata kama ni ndogo. Mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipokata misaada yake ya nje, tulikumbushwa kwamba huduma inayosimama kwa mguu mmoja huanguka siku mguu huo unapoondolewa.

Kwa wafadhili, tunajua kwamba ni rahisi zaidi kuchangia kitu kinachopigwa picha. Picha ya mafunzo haina mengi ya kuonyesha: watu wazima wameinama juu ya karatasi za hesabu, na sirinji za maji ya rangi mezani. Tunaomba mkubali kuchangia hilo kwanza. Na kama mna vifaa vya kutoa, tuandikieni kabla ya kuvifungasha, mkitaja aina, mwaka na sababu ya kuondolewa katika huduma. Tutawajibu kwa ukweli.

Yule mzee wa kanisa aliyetuuliza swali amesoma makala hii kabla haijapelekwa kuchapwa. Ametuambia kwamba ameelewa, akaongeza swali jingine: mafunzo yakimalizika, pampu zitafika lini? Tumemwahidi kwamba tutaleta taarifa ya fedha na ya maendeleo ya mafunzo katika kila kikao cha kamati, na wahudumu wa kwanza watakapofaulu, ombi la pampu litawekwa mezani kwake kabla ya mtu mwingine yeyote.



Ofisi ya Miradi ya Dayosisi
Kilakala, Morogoro